Mbwa Mzee Anapochechemea Ghafla: Namna ya Kuamua Kama Anahitaji Daktari

Maumivu ya mguu yanayomwanza mbwa mzee kwa ghafla humpa mwenye mbwa uamuzi mgumu, kwa kuwa dalili moja ileile ya kuchechemea huweza kuletwa na mwiba uliokwama kati ya vidole, ambao huondolewa kwa dakika moja, au na saratani ya mfupa, ambayo kila wiki ya kuchelewa humwongezea mnyama mateso. Wapo wanaokosea kwa kuharakisha, wakamkimbiza mbwa usiku wa manane kwa ajili ya ukucha uliovunjika, lakini walio wengi hukosea kwa kungoja, wakiamini kwamba mbwa amezeeka na kwamba kuchechemea ndiko kuzeeka kwenyewe. Imani hiyo inapaswa kuachwa mapema. Uzee hulegeza viungo polepole, kwa miezi na miaka, ilhali maumivu yaliyoanza kati ya jioni na asubuhi yana chanzo chake mahususi, na hata pale chanzo kinapokuwa ni kiungo kilichosagika zamani, bado kuna jambo lililokichochea siku hiyo.

Mbwa wa jamii kubwa wanaofugwa sana kwa ulinzi katika Afrika Mashariki, kama vile German Shepherd, Rottweiler na Boerboel pamoja na machotara wao, huhesabiwa kuwa wazee wakifikisha umri wa miaka 7 hivi, na wale wadogo huchelewa hadi miaka 10 au zaidi. Katika umri huo mbwa hulia pale tu maumivu yanapomshtua, lakini maumivu ya kudumu huyanyamazia, kwa hiyo ukimya wake hauwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa nafuu. Mwenye mbwa hana budi kutazama mwenendo: mbwa anayehema akiwa amelala kivulini bila joto wala mbio, anayelamba sehemu moja bila kuchoka, anayegeuza kichwa kwa ghafla mguu unapoguswa, anayeacha chakula alichokipenda, au mbwa wa ulinzi anayebaki amelala geti linapogongwa, huyo anaumia hata kama hajatoa sauti.

Hatua ya kwanza ni kutafuta dalili za hatari, yaani zile ambazo zikionekana hakuna haja ya kuendelea na uchunguzi wa nyumbani, bali mbwa hupelekwa kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Mguu uliopinda mahali pasipo na kiungo, mfupa uliotokeza nje ya ngozi, jeraha linaloendelea kuvuja damu baada ya kukandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika 10, na uvimbe unaopanda haraka juu ya mguu, ambao huenda ni alama ya kuumwa na nyoka, vyote ni vya kundi hili. Vivyo hivyo mbwa aliyegongwa na gari au pikipiki hupelekwa hata akiwa anatembea, kwa sababu damu inayovuja tumboni au kifuani haionekani kwa nje. Njia nyepesi ya kupima hali yake ni kuinua mdomo wa juu na kutazama fizi: fizi za mbwa mzima ni za waridi, isipokuwa kwa wale wenye fizi nyeusi kwa asili, na zikibonyezwa kwa kidole hugeuka nyeupe kisha rangi hurudi kabla ya sekunde 2 kwisha. Fizi zilizopauka au zinazochelewa kurudisha rangi huonyesha kwamba mzunguko wa damu umepungua, na jambo hilo halingoji asubuhi.

Dalili nyingine ya hatari, ambayo mara nyingi huchanganywa na maumivu ya mguu, ni udhaifu unaotoka kwenye uti wa mgongo. Kati ya pingili za mgongo kuna visahani laini vinavyopokea mishtuko ya mwendo, na uzee hukausha visahani hivyo hata kimoja kikaweza kupasuka na kubana neva za fahamu zinazoshuka miguuni. Mbwa wa namna hii huyumba nyuma, huburuta vidole, au husimama akiwa amekunja unyayo hivi kwamba sehemu ya juu ya vidole ndiyo inayogusa sakafu. Kipimo chake hufanywa taratibu, mbwa akiwa amesimama na kushikiliwa chini ya tumbo: unyayo mmoja hugeuzwa ili mgongo wake ulale juu ya sakafu, kisha huachwa. Mbwa ambaye neva zake ni nzima huurudisha papo hapo, hata mguu ukiwa unauma. Asipourudisha, au akichelewa, tatizo liko kwenye neva. Mbwa aliyepoteza kabisa uwezo wa kusimama, au asiyeweza kukojoa, anahesabiwa saa badala ya siku, kwa sababu neva iliyobanwa muda mrefu haiponi. Hatari inayofanana na hiyo, ingawa ni ya nadra, ni donge la damu kuziba mshipa unaoshuka mguuni. Hapo unyayo huwa wa baridi kuliko mwingine na mguu hulegea.

Katika nchi zetu kuna ugonjwa mwingine wa kufikiriwa kabla mkono haujamgusa mnyama, nao ni kichaa cha mbwa. Virusi vyake hushambulia ubongo na neva, na mara nyingine dalili inayoonekana mwanzoni ni miguu ya nyuma kulegea, ikifuatana na mate mengi, taya lililoanguka, sauti iliyobadilika, au tabia mpya ya kujificha na kuuma bila kuchokozwa. Mbwa mwenye dalili hizi, hasa ambaye chanjo yake imepita muda au haijulikani, hafunguliwi mdomo wala habebwi. Hufungiwa mahali salama na ofisa wa mifugo huitwa. Mtu aliyeumwa, au aliyelambwa penye kidonda, anapaswa kuosha sehemu hiyo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo kuchanjwa, kwa kuwa dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu karibu wote hufa.

Ikiwa hakuna dalili yoyote kati ya hizo, unabaki muda wa kuchunguza kwa utulivu. Mbwa hutembezwa kwa kamba iliyolegezwa juu ya sakafu ngumu, akielekea kwa mtazamaji na kurudi, ili ujulikane mguu unaouma. Mguu wa mbele ukiwa ndio mgonjwa, mbwa huinua kichwa kila anapoukanyagia na kukishusha anapokanyagia ule mzima. Mguu wa nyuma ukiuma, nyonga ya upande huo hupanda juu zaidi katika kila hatua. Inafaa mwendo huo urekodiwe kwa simu, kwani mbwa wengi wakifika kliniki hutembea vizuri kwa sababu ya woga, na daktari akabaki na maelezo ya mdomo tu.

Uchunguzi wa mkono huanzia chini, kwenye unyayo, kwa sababu huko ndiko kuliko na visababishi vingi vinavyotibika nyumbani. Mbwa akiwa amelala ubavu na kichwa chake kimeshikwa na mtu anayemzoea, kila kidole hutenganishwa na chenzake chini ya mwanga wa kutosha, na nafasi iliyo kati yao, ambako manyoya huficha mengi, hupapaswa kwa ncha ya kidole. Mbigili, mwiba wa mgunga au wa michongoma iliyopandwa uani, na kipande cha chupa ni vitu vya kawaida. Katika maeneo yenye funza, uvimbe mdogo wa rangi ya maziwa wenye kitone cheusi katikati, pembeni mwa kucha au kwenye nyama ya unyayo, ni funza jike aliyejichimbia, na mara nyingi hawi mmoja. Mbwa mzee ana udhaifu mwingine ambao kijana hana: kwa kuwa hatembei sana, kucha zake hazisagiki, hivyo hurefuka, hujikunja na kuvunjika, au huchoma nyama ya unyayo. Ukucha wa ndani ulio juu ya vidole, usiofika ardhini kabisa, ndio unaosahaulika zaidi na ndio unaostahili kutazamwa kwanza. Jeraha dogo huoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu lita, na mwiba unaoonekana huvutwa kwa kibano safi. Mbwa akianza kukanyaga siku hiyo na kidonda kikabaki kikavu, safari ya kwa daktari haina sababu. Usaha, harufu au uvimbe ukitokea, sababu ipo.

Unyayo usipoonyesha kitu, mkono hupanda kwenye viungo na mifupa, na kila sehemu hulinganishwa na sehemu ileile ya mguu wa pili, kwa kuwa vidole hutambua tofauti kwa urahisi zaidi kuliko uvimbe wenyewe. Kiungo chenye joto na kilichojaa maji huelekeza kwenye jeraha la kano au maambukizi. Uvimbe mgumu ulio juu ya mfupa wenyewe, ambao mbwa hataki kabisa uguswe, unahitaji hadhari kubwa, maana saratani ya mfupa huwapata zaidi mbwa wakubwa kwa umbo waliokwishakuwa na umri, na hupenda sehemu chache zinazojulikana: juu kidogo ya kifundo cha mguu wa mbele, karibu na bega, na kuzunguka goti la mguu wa nyuma. Udanganyifu wake ni kwamba huanza kama mteguko wa kawaida. Mbwa huruka kutoka ngazini, huchechemea, hupewa dawa, hupata nafuu kwa wiki moja, kisha huchechemea tena kuliko mwanzo. Na kwa kuwa kulikuwa na kuruka, familia huendelea kulaumu kule kuruka. Mfupa ulioliwa na saratani huweza pia kuvunjika kwa hatua ya kawaida. Kwa sababu hiyo mbwa mkubwa na mzee ambaye mfupa wake unauma kwa kuguswa anastahili kupigwa eksirei bila kungojewa, na kuchechemea kulikorudi baada ya nafuu ya dawa kuhesabiwe kuwa sababu tosha ya eksirei hiyo.

Goti lina kisa chake. Ndani yake zimo kano mbili zinazopishana, na ile ya mbele huuzuia mfupa wa muundi usiteleze mbele ya mfupa wa paja. Kwa binadamu kano hiyo hukatika zaidi kwa ajali ya michezo, lakini kwa mbwa huchakaa taratibu hadi siku moja inapokatika kwa jambo dogo kama kugeuka uani, na ndiyo maana mwenye mbwa huona ugonjwa wa ghafla ilhali ulianza zamani. Mbwa husimama akigusa ardhi kwa ncha za vidole tu, na anapoketi huutupa mguu huo pembeni badala ya kuukunja chini ya tumbo. Hali hii si dharura ya usiku, lakini humpasa daktari aione katika siku chache, kwa kuwa goti linaloteleza husaga gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa. Mbwa wadogo wengi hupata nafuu kwa wiki kadhaa za mapumziko na kupunguzwa uzito. Wakubwa kwa kawaida huhitaji upasuaji. Karibu nusu ya mbwa waliokatika kano ya goti moja hukatika na ya pili baadaye, jambo linalofanya uzito wa mbwa uwe suala la tiba.

Kisababishi kingine ambacho vitabu vya nchi za baridi hukipa nafasi ndogo, lakini ambacho hapa ni cha kila siku, ni homa inayoenezwa na kupe wa kahawia wa mbwa. Kupe huyu huishi kwenye nyufa za kuta na banda, na vimelea anavyoviingiza katika damu huweza kuvimbisha viungo, hivi kwamba mbwa huchechemea mguu huu leo na mwingine keshokutwa. Maumivu yanayohama, yakiambatana na uchovu, kutokwa damu puani au vidoa vyekundu kwenye fizi, yanataka kipimo cha damu, na habari njema ni kwamba ugonjwa ukigunduliwa mapema hutibika kwa dawa ya vidonge isiyo ghali. Kipimajoto husaidia sana hapa, mradi ikumbukwe kwamba joto la kawaida la mbwa, likipimwa katika njia ya haja kubwa, ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, na kwamba pua kavu au ya moto haipimi chochote. Mbwa anayechechemea na joto lake limezidi nyuzi 39.5 akiwa ametulia anapaswa kuonwa siku hiyo.

Anayeweza kusubiri, basi, ni mbwa anayekanyagia mguu ingawa kwa kusita, anayekula, kunywa na kukojoa kama kawaida, asiye na homa, uvimbe wala maumivu ya mfupa. Huyo hupewa mapumziko ya kweli kwa muda usiozidi saa 48: hufungwa kamba hata anapotoka kukojoa, haachiwi huru usiku kulinda, na hutandikiwa mkeka au zulia juu ya vigae vinavyoteleza, kwa sababu kuteleza mara moja huharibu kilichopona kwa siku nzima. Barafu iliyofungwa katika taulo huwekwa penye maumivu kwa dakika 10 hadi 15, mara 3 kwa siku. Asubuhi ya siku ya tatu nafuu iwe imeonekana wazi, la sivyo mbwa huenda kliniki. Mbwa asiyekanyaga kabisa hapewi muda huo. Mwisho wake ni saa 24. Na mbwa anayeamka akiwa mkavu wa viungo kisha akalainika baada ya kutembea dakika chache, hasa katika majira ya baridi au siku moja baada ya kukimbia sana, huenda ana ugonjwa wa kusagika kwa viungo, ambao hauna haraka, lakini ambao hutulizwa vizuri mno na dawa sahihi, hata ni kosa kumwacha mnyama auvumilie.

Juu ya dawa inabidi kusema kwa uzito, kwani mbwa wengi hudhuriwa na huruma ya wenyewe kuliko na ugonjwa. Parasetamoli, ibuprofeni na diklofenaki, zinazonunuliwa katika kila duka la dawa, hazifai kupewa mbwa. Parasetamoli huweza kuharibu ini lake na kuifanya damu ishindwe kubeba hewa ya oksijeni. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa vidonda katika tumbo na kusimamisha figo, na figo za mbwa mzee aghalabu zimekwisha kupungua nguvu kabla ya yote. Kutapika, kinyesi cheusi kama lami na kulegea ni alama za sumu hiyo. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, nazo hutolewa kwa uzito wa mwili na daktari anayejua kama mbwa alichomwa sindano ya kupunguza uvimbe siku hizo, kwa sababu mchanganyiko wa aina mbili unaweza kumuua. Dawa za kuchua zenye harufu kali nazo haziwekwi, maana mbwa atazilamba. Bendeji inayofungwa nyumbani kwa kukaza hukata damu ya mguu, na mfupa unaodhaniwa kuvunjika hauvutwi wala kuungwa na mtu asiye na taaluma. Ikiwa kidonge kimekwisha kutolewa, daktari aambiwe jina lake, kiasi na saa. Kuficha jambo hilo kwa aibu kunamgharimu mnyama.

Wanaoishi mbali na mji humpata kwanza ofisa wa mifugo wa kata, ambaye kazi yake ya kila siku ni ng'ombe na mbuzi, lakini ambaye anaweza kupima homa, kutibu jeraha na kutambua mfupa uliovunjika. Eksirei na upasuaji hupatikana zaidi katika kliniki za miji mikubwa na katika hospitali za mafunzo za vyuo vikuu, kama ile ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo huko Morogoro na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliyopo Kabete. Simu itangulie safari, ikieleza umri na uzito wa mbwa, mguu unaouma, saa maumivu yalipoanza, kama anakanyaga, na chanjo alizopata. Mbwa hubebwa juu ya ubao au blanketi lililovutwa na watu wawili, na mdomo wake hufungwa kwa kitambaa laini, kwa kuwa hata mbwa mpole huuma akiumizwa. Kitambaa hicho hakifungwi kwa mbwa anayetapika au anayehema kwa shida.

Mara nyingine jibu la daktari huwa kwamba mguu hauponi, au kwamba familia haimudu gharama ya kuuponya. Hata hapo lipo la kufanya, kwa kuwa daktari anaweza kutuliza maumivu kwa muda uliobaki, na pasipo njia nyingine anaweza kumpumzisha mbwa kwa sindano isiyomtesa. Mbwa aliyeilinda nyumba kwa miaka 10 asitupwe kando ya barabara wala kuwekewa sumu kwa sababu hawezi tena kusimama. Mwenyewe amwite daktari au ofisa wa mifugo, na akae naye hadi mwisho.